Figo Moja Haikuonekana

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo, kama tulivyozoea kuamkia huku Tanzania. Hali yako huko nyumbani Baraka? Mguu umepata nafuu, au bado unaulazimisha kwenda shamba? Riziki na mwanetu Neema hawajambo. Mimi ndiye niliyepatwa na jambo, nikachelewa kukuandikia kwa kuwa sikujua nikuambie nini.

Mvua zilipoanza nilipanda juu ya nyumba yetu hapa kambini kuziba turubai. Nikateleza, nikaangukia ubavu wa kushoto. Pale zahanati wakahofia bandama imepasuka, wakanipeleka hospitali ya mjini Kigoma. Daktari, dada mmoja mpole, akanipaka mafuta ya baridi akapitisha kile chombo cha kupiga picha tumboni.

"Bandama ni nzima," akasema. Nikashukuru. Lakini hakuacha. Akakisukuma chombo huku na huku, akarudia palepale kushoto.

"Umewahi kupasuliwa?"

"Ngiri tu, kambini."

"Figo ya kushoto siioni."

Akaniagiza nirudi kwa kipimo kikubwa zaidi. Nikaenda kusubiri kwa mdogo wako, mama mdogo Sifa, kule mtaa wa Buzebazeba. Nilipomweleza, akashika kichwa. "Wamekuibia! Walipokulaza usingizi kwa ajili ya ngiri, ulijuaje wametoa nini?"

Mama, maneno yake yaliniingia. Riziki akapiga simu analia: "Rudi, Baba Neema. Usiwaruhusu wakufungue tena." Nikafunga kifurushi changu nirudi kambini. Nilipofika mtaa wa Mwanga kutafuta gari, nikasita. Nikajiuliza, kama na hii moja ni mbovu, nani atanijulisha? Nikageuza kuelekea hospitali.

Baada ya kipimo nikamuuliza waziwazi: "Daktari, figo yangu imepelekwa wapi?"

Hakukasirika. Akanionyesha picha. "Hukuwa nayo tangu kuzaliwa. Kovu lako la ngiri liko huku chini kinenani, figo haitolewi hapo. Na tazama hii ya kulia ilivyokua, inafanya kazi ya mbili." Akanikataza kumeza ovyo vidonge vya maumivu, akataka nipimwe presha na mkojo kila mara. Kisha akauliza, "Una watoto? Hali hii huweza kupita katika ukoo."

Hapo ndipo hofu yangu yote ikahamia kwa Neema. Riziki akamleta. Alipolazwa kitandani nilitazama ukutani, sikuthubutu kuangalia. Daktari akaniita: "Njoo uone. Hii hapa, na hii hapa." Nililia, Mama, mbele ya watu.

Usijilaumu. Daktari amesema hukukosea lolote ulipokuwa na mimba yangu. Ila mdogo wangu Mlondani akipata hospitali yenye mashine, naye apimwe. Mama mdogo bado hajaamini; mpaka naondoka kwake alikuwa akinitazama ubavuni kila nikiinama.

Nisalimie shangazi aliyenilea, na mchungaji wetu, na jirani anayekuchotea maji. Niombee. Nikikohoa tu nashika ubavu wa kulia, maana hii moja haina mwenziwe wa kuipokea.

Mimi mwanao,
Asukulu