Kompyuta ya Mama Haishiki Mtandao

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, na kama yale mafua yameshakuachia, tushukuru pamoja. Sisi huku wazima. Shemeji yako anakusalimia, na bado anajigamba kwamba kwenye drafti humuwezi. Mama naye mzima, ila habari zake ndizo zilizonikalisha chini nikashika kalamu. Kwa simu ungenikatiza, nakujua.

Najua umekasirika. Ulimwambia shemeji yako kwamba unapiga kwenye kompyuta ya Mama hadi unachoka, hupati jibu, na kama tumekutupa tuseme. Maneno hayo yaliniuma. Hakuna aliyekutupa, kaka. Kompyuta ilikuwa haishiki mtandao.

Nikitoka kazini nilikuwa napitia kwa Mama kabla ya kwenda kwangu, napiga magoti mbele ya ile meza. Nilizima nikawasha. Nilifuta nenosiri nikaliandika upya, Mama akinisomea herufi mojamoja kama mwalimu wa chekechea. Jina la mtandao wetu lilitokea, likapotea, likatokea tena. Nilimuuliza Mama kama taa za ruta, kile kisanduku cha mtandao, zinawaka, akasema zinawaka vizuri tu. Akaongeza kwamba hata mashine huzeeka, niiache ipumzike. Nikacheka, nikamwamini.

Mwishowe niliamua kuufuata waya. Ulipanda ukutani, ukapita nyuma ya kabati, ukatokea juu yake, ukaingia chini ya lile bati la biskuti ambalo Mama hutunzia vifungo na nyuzi. Nikapanda kiti. Vifungo vilikuwa vimehamishiwa kwenye mfuko, na bati limepinduliwa, limeifunika ruta gubigubi. Mawimbi yangepita wapi? Nililiondoa, kompyuta ikashika papo hapo.

Nilidhani ni kuogopa vumbi, maana si unamjua, hata rimoti ameivika plastiki. Nikamtania. Hakucheka. Alikaa kwenye kochi akasema taa zile zinamnyima usingizi. Nikamuuliza taa za sebuleni zinamfikiaje chumbani. Ndipo nilipoona mto na blanketi vimesukumiwa nyuma ya kochi.

Kaka, Mama halali chumbani. Tangu ulipomwambia utapiga ukipata nafasi, analala sebuleni karibu na kompyuta, kwa sababu mchana wa huko kwenu ni usiku wetu, na hajui nafasi hiyo itapatikana lini. Alidhani ile taa ya kijani ya ruta ikianza kuwakawaka ni wewe unaita. Kila ikiwakawaka anaamka, anakaa mbele ya kioo cha kompyuta, hakuna mtu. Mgongo ukaanza kumuuma. Ndipo akaifunika apate usingizi kidogo, akitegemea kwamba ukiita kweli, mlio utamwamsha. Ukaita kweli, na mlio haukufika.

Aliniapisha nisikwambie, eti una kazi nyingi, usije ukamwona mzigo. Nikaapa. Sasa navunja kiapo na sioni aibu, mficha uchi hazai. Kinachonisumbua ni kingine. Nilimweleza kwamba taa ile huwakawaka yenyewe hata kama hakuna anayeita, na machozi yakamtoka. Natamani ningenyamaza.

Mtandao sasa upo, unaweza kupiga. Lakini leo asubuhi nimepita nikamkuta bado yuko kochini, amelala na miwani usoni. Sikulaumu, kaka, maisha ya huko nayasikia. Naomba tu usimwambie tena kwamba utapiga ukipata nafasi. Mpe siku na saa, hata iwe mara moja kwa mwezi, na uitimize. Na kama huwezi, mwambie huwezi. Atalia, halafu atarudi kulala kitandani kwake.

Wasalimie wote unaoishi nao, na ule vizuri. Tunakupenda kuliko tunavyojua kusema.

Ni mimi mdogo wako, yule uliyembandika jina la Kasuku.