Tumbaku ya Miaka Ishirini na Mitatu

Kuluba,
S.L.P. 14,
Koboko,
kupitia Arua.

3 Julai 1994

Mpendwa mwanangu Jale,

Nisamehe kwa kukaa kimya tangu Februari. Barua zako mbili zilinifikia, na ya pili ilikuwa na picha ya mkeo Paska akiwa na mtoto. Mtu aliyekufundisha kujibu barua ndani ya juma moja ndiye aliyekaa miezi mitano bila kujibu. Sina la kujitetea. Ukisoma mpaka mwisho utaona kwamba juma la mwisho lilikuwa na sababu. Miezi iliyotangulia ilikuwa uvivu wa mzee.

Je, hamjambo huko Nakuru? Mtoto amepona homa? Unaendelea vizuri na kazi ya karakana? Katika barua yako ya Machi hukuandika lolote kuhusu jicho lililoingia chuma. Usiniachie nibahatishe.

Sisi tu wazima kwa kadiri ya umri wetu. Mama yako anasumbuliwa na mguu akishuka kisimani, lakini hataki mtu amsaidie kubeba maji. Mimi nina kikohozi. Daktari wa Arua amenikataza kiko, nami nimepunguza mpaka kimoja kwa siku, baada ya chakula cha jioni.

Mvua zilianza mapema. Tulichuma majani ya kwanza ya tumbaku mwishoni mwa Juni, na bani, nyumba yetu ya kukaushia kwa moto, lilijaa mpaka darini: majani yangu, ya mama yako, na ya majirani wawili ambao hawajajenga mabani yao upya.

Sasa niandike lililonifanya nikae mezani. Unajua kwamba Sheikh wa Koboko amekubali kusoma dua ya marehemu kwa ajili ya baba yako, mdogo wangu, Jumamosi tarehe 20 Agosti, kisha mama yako akae eda, na baada ya eda awe huru. Tangu baba yako alipopotea mwaka 1980, mama yako Mariam Poni si mke wala si mjane. Yupo fundi seremala wa Abuku, mgane, mtu wa heshima, ambaye amemposa mara mbili, na mara mbili amejibiwa asubiri. Sikufichi, wewe ni mtu mzima. Sheikh alikubali kwa sababu ya ushahidi mmoja tu, wa jirani yetu Celestino, aliyeapa kwamba alimwona ndugu yangu Laku akipigwa risasi mtoni na kuchukuliwa na maji. Wewe wakati ule ulikuwa na miaka kumi na miwili, kwa hiyo nitaeleza tangu mwanzo.

Mwaka 1971 bwana mmoja Mwingereza, aliyekuwa akikagua tumbaku pamoja nami Arua, alinipa makopo mawili ya tumbaku ya kiko siku aliyoondoka. Ilikuwa Virginia, ndugu ya hii tunayolima hapa, lakini imechanganywa na kiasi kidogo cha tumbaku ya Marekani iitwayo Perique, ambayo hukandamizwa ndani ya pipa ikakaa katika maji yake yenyewe mwaka mzima mpaka ikawa nyeusi. Alisema kopo likibaki limefungwa, tumbaku hiyo hukomaa, na miaka inavyopita ndivyo inavyozidi kuwa nzuri. Kopo la kwanza tulilivuta, mimi na baba yako, likatuchoma ndimi kama pilipili. La pili tulipatana tusiliguse mpaka siku nitakayostaafu.

Oktoba 1980, asubuhi tuliyokimbia vita, tulizungushia mfuniko wake nta ya mshumaa, tukalizika nyuma ya nyumba karibu na mizinga ya nyuki ya baba yako. Mimi na yeye tu ndio tuliojua mahali. Tukavuka mpaka, tukajenga vibanda upande wa Zaire. Novemba baba yako alirudi Kuluba pamoja na Celestino. Watu wote waliambiwa kwamba wamefuata mbuzi. Siku ya tatu Celestino alirejea peke yake na habari ile ya mtoni.

Tuliporudi mwaka 1986 nyumba haikuwa na paa, na bani la zamani lilikuwa majivu yaliyoota nyasi. Nilichimbua kopo. Sikulisafisha, nililifunga kwa gunia na udongo wake wote, nikaliweka sandukuni. Nilistaafu mwaka 1989 na sikulifungua. Nilishindwa kulivuta peke yangu.

Jumatatu iliyopita nililitoa. Nilikusudia wanaume watakaokuja kwenye dua wavute tumbaku ya Laku. Kwa kuwa nimefanya kazi ya kupanga tumbaku kwa madaraja miaka ishirini na minane, siwezi kumpa mtu jani ambalo sijalinusa mwenyewe. Nikafuta udongo kwa kitambaa.

Nta haikuwa ya mshumaa. Ilikuwa ya njano, na nilipoipasha kwa kidole ilinuka asali. Upande mmoja palikuwa na alama ya dole gumba lisilo na ncha. Baba yako alikatwa ncha ya dole gumba la kulia kwa panga akiwa na miaka tisa. Mimi ndiye niliyelifunga. Ndani, karatasi ilikuwa imekunjwa vizuri, na chini yake palikuwa na shimo dogo katika tumbaku. Nililipima kwa kiko changu. Vilikuwa vimetoka viko viwili.

Nilikaa na kopo lile mapajani mpaka mama yako akaniuliza kama naumwa. Nilimjibu kwamba siumwi.

Jioni ile nilijaza kiko. Nitakuandikia ilivyokuwa, kwa kuwa baba yako angeniuliza. Majani yalikuwa yamegeuka rangi ya tende, laini, hayana ukungu hata chembe. Kabla ya moto yalinuka siki na matunda makavu, kama ukwaju uliosahauliwa ndani ya chungu. Mivuto ya kwanza ilikuwa mitamu kama majani ya malisho yaliyokaukia juani. Kisha Perique ikaja polepole, pilipili iliyoingia puani bila kuuma ulimi, ikafuatwa na ladha nzito kama mashapo ya pombe ya mtama, ambayo niliinywa ujanani na sasa siinywi. Moto ulikaa wenyewe. Sikuwasha kiberiti cha pili. Nimeonja majani ya kila aina kutoka Aroi hadi mpakani, na sijapata kuonja jani lililokamilika kama hilo. Yule Mwingereza alisema kweli. Nilivuta mpaka majivu, na nilifurahi, Jale. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli, ingawa ilinipasa kufikiri mambo mengine.

Kesho yake nilichukua kopo nikaenda kwa Celestino. Alikuwa amekaa kibarazani akisuka kamba. Unamjua mdomo wake.

"Karani, leo iko nini?" aliniuliza. "Wewe unaleta tumbaku ya wazungu kwa maskini. Nani amekufa?"

"Jaza kiko, mzee," nilimwambia. "Nataka unionjee."

"Mimi iko mutu ya kukataa? Leta."

Alijaza, akavuta, akafumba macho. Alivuta mara nne au tano, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Sasa imelala muzuri," alisema. "Ile siku ilikuwa inauma ulimi kama siafu."

"Siku gani?" nilimwuliza.

Akafumbua macho. Aliliangalia kopo, akaniangalia mimi, kisha akaweka kiko chini, kingali kinatoa moshi. Mwishowe aliniambia nifunge mlango wa ua, binti yake asisikie.

Walifika nyumbani, Jale. Hapakuwa na risasi mtoni. Walivuka salama, wakafika Kuluba jua likiwa bado juu, na kijiji kilikuwa kitupu. Baba yako alichimbua kopo, wakavuta kila mtu kiko kimoja, wamekaa kwenye kizingiti kama watu wasio na vita.

"Laku alikuwa anacheka," Celestino aliniambia. "Anasema, 'Kaka yangu atanusa, atajua. Akinitukana, nitasema iko Celestino alifungua.' Tulicheka sana, Karani. Hiyo ndiyo mara ya mwisho mimi nacheka na yeye."

Kisha wakasikia magari ya askari barabarani. Baba yako hakutaka kukimbia na kopo mkononi likaanguka. Aliziba mfuniko kwa nta aliyoibandua mzingani, akalirudisha shimoni. Walipoanza kukimbia alikuwa amechelewa. Celestino aliingia katika mtama. Baba yako aliingia katika bani.

"Niliita?" alisema Celestino. "Sikuita. Nililala chini mpaka asubuhi. Asubuhi naona moshi upande wa bani, mimi nikaenda. Sikuangalia nyuma. Nitamwambia nini mutu, kwamba nilimwacha? Mto iko bora. Mto haiulizwi."

Nilimwuliza kwa nini aliapa mbele ya Sheikh mwaka huu, baada ya miaka yote hiyo. Alinijibu kwamba alifanya hivyo kwa ajili ya Mariam Poni, ili apumzike. Naamini hakunidanganya katika hilo. Alilia, nami sikumfariji.

Sasa sikia hili. Mwaka 1987 nilipojenga bani jipya, nilijenga juu ya msingi wa lile la zamani, kwa sababu mawe yake yalikuwa bado imara. Hatukuchimba. Tulisawazisha majivu kwa majembe, tukatandaza udongo, tukaushindilia kwa miguu, mama yako akiwa miongoni mwetu. Kwa misimu saba nimewasha moto pale kila mwaka, mchana na usiku, siku sita kwa kila bani linalojaa.

Lipo pia jambo la pili, nililowaficha mama yako na wewe. Laku hakufuata mbuzi. Kule vibandani tulikuwa tukivuta majani makavu ya muhogo, na mimi kila jioni nilizungumza habari za kopo. Nilizungumza kama mtoto anayetaka sukari. Usiku mmoja nilisema mbele yake kwamba ningetoa chochote nipate kiko kimoja cha tumbaku ile. Asubuhi alikuwa amekwenda. Habari ya mbuzi niliitunga mimi, Celestino akaishika. Kwa hiyo tangu mwaka ule tumekuwa waongo wawili, kila mmoja na uongo wake, na hatukujua kwamba ulikuwa mmoja.

Nilimwambia mama yako yote hayo Jumatano, kibarazani. Nilimwomba radhi. Hakunipa, wala hakunikatalia. Alitandika mkeka upya, ingawa ulikuwa umetandikwa.

"Shemeji," alisema, "miaka kumi na nne mimi nimekuwa mke wa kopo."

Kisha akaondoka kwenda jikoni. Aliporudi alisimama mlangoni na kusema tena:

"Kama iko pale, nataka kumwona. Kama haiko, usiniambie."

Nimelifikiri neno hilo tangu siku ile, nami sioni njia ya kulitii. Nikichimba bani, Kuluba nzima itaona, naye atajua siku ile ile kama tumepata kitu au hatukupata. Tukipata mifupa, tutamzika baba yako kwa heshima, na eda yake itakuwa ya haki. Tusipopata, ushahidi wa Celestino umeanguka, Sheikh hataweza kusoma dua kwa neno la uongo, na mama yako atarudi kungoja mtu ambaye labda alitolewa bani akiwa hai na kupelekwa nisikokujua. Fundi wa Abuku hatangoja mara ya tatu. Nisipochimba, nikanyamaza, mambo yote yatakwenda sawa, isipokuwa kwamba mimi na Celestino tutakuwa tumeapa mbele ya Mungu kwa mto ambao haukumchukua mtu. Na nitalazimika kuwasha moto pale msimu ujao, nikijua.

Nimekwisha kumwambia Celestino kwamba asirudie kiapo chake kabla sijaamua. Alikubali. Kila asubuhi anakuja kukaa nje ya ua wetu bila kuingia, na mama yako humpelekea chai bila kusema naye.

Kwa hiyo, mwanangu, usikate tiketi ya basi ya kuja kwenye dua. Usiombe likizo. Wala usimwandikie mama yako juu ya jambo hili kabla hajakuandikia yeye. Kama una neno la kuniambia, niambie upesi, na uandike kwa urefu; hii si barua ya kujibiwa kwa mistari minne. Wewe ni mwanawe, na haki yako katika shauri hili ni kubwa kuliko yangu. Lakini bani nililijenga mimi, na kopo nililitaka mimi, kwa hiyo sitakutupia mzigo wa kuamua.

Msalimu sana Paska, unibusie mtoto. Msalimu mjomba wako aliyekupeleka huko, umwambie nimeipata dawa ya macho aliyoituma. Shangazi yako Keji anakusalimu kutoka Abuku. Hajui lolote bado. Mama yako anakusalimu. Aliniona nikiandika, akasema nikuambie kwamba mguu wake ni mzima, jambo ambalo si kweli.

Kopo nimeliziba tena kwa mshumaa. Tangu jioni ile sijavuta humo tena. Moto wa bani niliuzima Jumatano, siku ya tatu ya kukausha. Majani yote yaliyomo yatakuwa yameharibika kufikia sasa, yangu na ya majirani, nami nimewaambia nitawalipa bila kuwaambia sababu. Asubuhi hii niliweka kiganja juu ya sakafu. Ni baridi.

Nikishaamua nitakuandikia siku ile ile, na barua itaondoka na gari la kwanza la Arua. Mungu akulinde wewe na nyumba yako, na ampumzishe baba yako popote alipo.

Ni mimi nikupendaye,
baba yako mkubwa,

Sule