Kwa Tamotsu Igarashi, Aliyeijua Siku ya Kupanda

Baba, mwaka umetimia tangu asubuhi ile ya Machi ulipomwaga majivu meusi juu ya theluji ya bustani, ukaingia ndani mweusi mpaka masikioni, ukaomba chai, ukaketi karibu na jiko, na moyo wako ukasimama. Chai ilikuwa bado ya moto. Hukupenda kumsumbua mtu, na siku hiyo pia hukumsumbua yeyote.

Majivu yako yalifanya kazi yake. Yalivuta jua, theluji ikayeyuka chini yake, na bustani yetu ikafunguka siku tisa kabla ya za wenzetu, kama kila mwaka. Waliokuja kutupa pole walikuwa wanasimama kwanza uani kuutazama udongo. Pembeni mwa theluji yakachomoza yale machipukizi machungu uliyoyapenda. Mama aliyakaanga, akaweka kisahani mbele ya picha yako, kisha akayala mwenyewe na kusema una bahati, maana mwaka ule yalikuwa machungu kupita kiasi.

Tunakukumbuka kwa mengi. Ulikuwa unaacha nyanya kwenye vizingiti vya watu bila kubisha hodi, ukidhani hakuna anayekujua, kumbe gazeti ulilozifungia ulikuwa unalikunja kwa namna ambayo mtaa mzima unaifahamu. Ulikuwa unaimba ukimwagilia, na hukuwahi kuupatia wimbo hata mmoja. Ndoo yako haikuguswa na mtu. Kwenye banda lako la zana hakuingia mtu, hata Mama. "Nyumba nzima ni yako, Mama Chizuru," ulikuwa unamwambia. "Niachie hilo banda nipumue."

Lakini zaidi ya yote tunakukumbuka kwa yule mzee wa mlimani. Theluji inapoanza kuyeyuka kule juu, mwamba hujitokeza, na wajuao husema unafanya umbo la mzee aliyeinama akimwaga mbegu. Akionekana mzima, kofia mpaka miguu, basi sakitu, ile baridi ya usiku inayogandisha umande na kuunguza mimea, imekwisha na miche inaweza kutoka nje. Ulikuwa unasimama uani, mikono nyuma, unatazama weee, halafu unasema, "Bado mguu mmoja." Siku nyingine unasema, "Kesho." Kesho yake unapanda, na katika miaka arobaini na sita ya ndoa yenu hukukosea hata mara moja.

Basi ukaondoka, ukatuachia dirishani trei tatu za miche, mbili za nyanya na moja ya bilinganya, mbegu ulizozitia udongoni kwa vidole vyako siku kumi na mbili kabla ya kutuaga. Pamoja nazo, sanduku la mizizi ya maua ya dalia, imelala kwenye makapi ya mpunga. Hiyo ndiyo kazi uliyotuachia. Miche ikitolewa mapema, sakitu ingeimaliza kwa usiku mmoja. Ikicheleweshwa, ingenyong'onyea ndani. Na hukumfundisha mtu kuitambua siku. Mama alikuwa anaitoa trei moja moja juani asubuhi, jioni anairudisha ndani, na hakutaka tumsaidie. "Nikiiua hii miche," aliniambia mimi Chizuru, "nitakuwa nimemzika mara mbili."

Mdogo wangu Wataru akapiga simu kutoka Sendai.

"Mama, mbona unajitesa? Simu yangu inasema kuanzia tarehe sita hali ya hewa ni safi kabisa."

"Hiyo simu yako imewahi kushika jembe?"

"Haya, basi si umtazame huyo mzee wa Baba!"

"Namtazama," Mama akasema, na kukata simu haraka haraka.

Maana kuna jambo, Baba, ambalo Mama alikuficha miaka yote hiyo. Ulipokuwa unamuuliza, "Umemuona?" naye akakujibu, "Nimemuona, hata kofia," alikuwa anakudanganya. Hajawahi kumuona. Masika ile alitoka kila asubuhi na miwani miwili, ya mbali na ya karibu, akayakodoa macho mpaka yakatoa machozi. Aliona buli la chai. Siku nyingine akaona mbuzi. Mjukuu wako Suzuna aliona kikaango, akakishikilia kikaango chake wiki nzima.

Mwishowe Mama akaimeza aibu yake, akaenda kwa jirani yetu Bi Kinuyo.

"Kinuyo, hebu nioneshe. Kichwa chake kiko wapi?"

"Kichwa cha nani?"

"Cha mzee wa mlimani."

"We Mama Chizuru! Mimi nitamuonea wapi? Tangu niolewe hapa sijamuona hata sikio."

"Sasa ulikuwa unapandaje?"

"Namchungulia mume wako! Akishika jembe, na mimi nashika. Na mtaa mzima ni hivyohivyo, usiwaone wanajifanya. Sasa hivi tunakungoja wewe, na bilinganya zangu zimeshafunika dirisha, hata barabara sioni."

Mama alirudi roho juu. Alikwenda na trei tatu za kuhangaikia, akarudi na nyumba kumi na moja.

Tarehe kumi na mbili Mei, akiwa analisogeza sanduku la dalia, alisikia joto. Akauvua ule mkanda wake wa sufu wa tumboni, ule mwekundu anaouvaa kila mwaka kuanzia Novemba, ambao ulikuwa unamtania nao kwamba hukuoa mke, ulioa mkanda. Akaufua, akauanika uani. Kisha akahitaji kamba ya kunyoosha matuta, na kamba iko bandani. Alisimama mlangoni kwa muda. "Naingia, Baba Chizuru," akasema, akaingia.

Kalenda zako zote ziko pale, Baba, kwenye msumari mmoja, kila mwaka juu ya mwenzake. Mama aliiruka ya juu, ya mwaka ule, akafunua ya mwaka uliotangulia, mwezi wa Mei. Umeandika kwa penseli, ukimtaja kwa jina lake: "Mitsue kaanika mkanda. Kesho tunapanda." Akafunua ya chini yake. "Mitsue kaanika mkanda. Kesho tunapanda." Mwaka mwingine: "Mitsue kaanika mkanda, jioni kauvaa tena. Tusubiri." Na siku mbili mbele: "Sakitu. Tumepona." Akaendelea kufunua mpaka akaifikia ya chini kabisa, ya mwaka wa kwanza wa ndoa yenu, karatasi imeshakuwa ya manjano. "Mzee wa mlimani simuoni," umeandika. "Mitsue anamuona. Nitamwangalia yeye."

Nilimkuta amekalia ndoo yako, ileile isiyoguswa, anacheka huku machozi yanamtiririka. "Mwongo mkubwa wewe," alikuwa anasema. "Mwongo mkubwa. Na mimi." Kisha akainuka, akachungulia uani. Mkanda ulikuwa kwenye kamba, bado unachuruzika maji.

"Chizuru," akasema, "kamwambie Kinuyo ni kesho."

Tukapanda, Baba. Kabla ya saa sita mchana majembe yote ya mtaa yalikuwa nje. Sakitu haikurudi tena. Bi Kinuyo alipoambiwa habari za kalenda aliushika uzio asianguke kwa kicheko. "Yaani sisi tunamfuata yeye, na yeye anafuata tumbo lako! Kumbe miaka yote hii tunalishwa na mkanda!" Nyanya zako zilizaa mpaka tukachoka kuzigawa, na Mama alizikunjia gazeti kama ulivyokuwa unakunja wewe. Dalia zilichanua hadi Oktoba. Haukufa mche hata mmoja, isipokuwa ule ambao Suzuna aliukanyaga, naye anaomba radhi.

Sasa theluji imeanza kulegea tena. Majivu Mama ameyamwaga mwenyewe juzi, akaingia ndani mweusi mpaka masikioni, tukacheka sana. Trei ziko dirishani. Bi Kinuyo ameshaanza kupiga simu kila asubuhi kuuliza tumbo linasemaje.

Unakumbukwa kwa upendo na mkeo Mitsue, wanao Chizuru na Wataru, mjukuu wako Suzuna, Bi Kinuyo, na nyumba zote kumi na moja zilizokuwa zikilichungulia jembe lako. Hatujakusahau, Baba, wala hatutakusahau maisha yetu yote.

Kalenda mpya tumeitundika kwenye msumari uleule, juu ya zako. Siku hizi anayeandika ni Mama. Jana ameandika: "Mkanda bado. Tusubiri, Baba Chizuru."