Lango Limemwangukia, Anasema Haumwi

Mshauri mpendwa, naomba unijibu kipindi kikiwa bado hewani, maana naandika kwa mkono mmoja. Mimi ni fundi wa kuchomelea milango ya chuma, nilianza na nyundo ya kuazima, hakuna ndugu aliyenichangia hata msumari, leo nina mashine nne. Asubuhi hii saa tatu kamili lango la kilo tisini limeponyoka kwenye mnyororo likamwangukia mdogo wangu tumboni, nikalinyanyua peke yangu, akajivuta akatoka, akasimama anacheka, "Dada, siumwi popote, tuendelee!" Nami sikuumwa, basi tukaendelea, kwa sababu karakana yangu ina sheria niliyoiandika mwenyewe ukutani kwa rangi nyekundu: KISICHOUMA SI JERAHA. Sasa ni saa tatu na dakika arobaini, kidole changu cha kati ndiyo kwanza kimeanza kuuma, nimevua glavu nimekuta kimepinda kama ndoano, na tangu hapo naogopa, maana ikiwa mimi nimevunjika bila kusikia chochote, je, yeye? Namwambia twende hospitali, ananijibu, "Nenda na kidole chako, mimi mzima, sheria si yako?" Lakini jasho linamtoka na uso umempauka. Mama atasema nimemuua kwa tamaa ya kazi. Nimlazimishe, au ni woga wangu tu?

Fundi Milango

Fundi Milango, huo si woga, ni akili, na imechelewa dakika arobaini. Pole kwa kidole, ila kidole kitangoja.

Mwili ukishtuka sana hujitengenezea dawa ya kutuliza maumivu, ya ukoo mmoja na zile kali za hospitalini, ili mtu aweze kukimbia au kumwokoa nduguye. Ndiyo maana ulinyanyua lango usijue umevunjika. Lakini dawa hiyo huficha tu. Haiungi mfupa, haizibi damu inayovuja ndani. Kwako imeisha nguvu, kwake pengine bado. Na jasho lile na kupauka kule si mzaha!

Kujijenga mwenyewe hakukufanyi daktari, dada. Mama mwache aseme.

Zima mashine zote nne. Mlaze, asile, asinywe hata maji, usimpe kidonge chochote. Usimbembeleze: mwambie hana kazi kwako mpaka daktari amwangalie tumbo. Ita gari sasa hivi. Ukifika usiseme "haumwi", sema: kilo tisini, tumboni, saa tatu kamili.

Na kama bado unanisikiliza, unafanya nini hapo? Nenda!