Kitanda cha Mama Juu ya Matofali

Jumatatu, 7 Juni 1976
Nimefunga vidonda, nimechemsha sindano, nimegombana na foleni. Kabla ya saa sita, nyonga nyingine. Bibi wa mtaa wa juu, wanawe wamembeba na kitanda chake. Mguu umefupika, unyayo umegeukia nje. Nilipoanza kazi zahanati hii, nyonga iliyovunjika ilikuwa habari ya kusimulia. Siku hizi haziishi. Mganga wetu anasema tangu watu wahamie kijijini tuko karibu, ndiyo maana wanaletwa. Zamani walifia ndani, ikasemwa uzee. Huenda. Sijaridhika.

Jumatano, 9 Juni
Nimemuuliza bibi alianguka wapi. Kitandani, alfajiri, akishuka kwenda nje. Na yule wa mwezi uliopita? Kitandani. Jamani! Maisha yao yote wamelala chini, juu ya ngozi ya ng'ombe. Sasa pamba ikiuzwa vizuri, mtoto anamnunulia mzazi kitanda cha chuma, anakipandisha juu ya matofali, magunia ya karanga yanakaa uvunguni. Ndiyo heshima. Cha mama yangu, kaka Masanja amekiinua kuliko vyote. Mama hupanda kwa kigoda. Naogopa.

Ijumaa, 11 Juni
Nimemwomba mama tutoe matofali. Amewaka. "Kabula, unataka majirani waseme nimezaa bure?" Wanaoanguka, eti, ni wazembe. Masanja yuko upande wake. Kichwa kigumu, wote wawili.

Jumatatu, 14 Juni
Mama Ng'washi, shoga yake mama, ameanguka. Kitandani. Tumempakia kwenye lori la pamba kwenda hospitali ya wilaya. Hata shuka ikimgusa analia. Nimeenda moja kwa moja kwa mama. Alikuwa uani anapepeta karanga. Nimetoa matofali yote, nimeyatupa nyuma ya zizi. Amenitukana, kisha akalia. Amesema nimemvua nguo mbele ya kijiji. Imeniuma sana. Sirudishi hata tofali moja.

Jumapili, 20 Juni
Mama Ng'washi bado yuko hospitali, mguu umefungiwa uzito wa kuunyoosha. Mganga hana hakika kama atasimama tena.
Asubuhi nimepita kwa mama. Nimemkuta amekaa kitandani, nyayo zimekanyaga sakafu. Shikamoo yangu hakuitikia. Amejifunga kanga, akainuka mwenyewe, akatoka kwenda kanisani. Nimemfuata nyuma polepole, namwangalia anavyotembea.