Mama na mtihani wa udereva

Mwenzangu, ngoja nicheke kwanza. Mama ametoka kufanya mtihani wa udereva sasa hivi!

Mama huyuhuyu, mwalimu wa miaka thelathini, anayewaambia wanafunzi kwamba mtihani hauumi! Alipokaa kwenye usukani wa gari letu, jasho likamtiririka. Mtahini akamuuliza jina lake. Likamtoka kichwani.

JINA LAKE, mwenzangu!

Akanyoosha kidole kama mtoto wa darasa la kwanza: "Naomba kwenda chooni."

Mtahini wala hakucheka. "Nenda, mama. Mimi nilifeli mara mbili kwa woga huohuo."

Akarudi, akavuta pumzi, akaendesha kama aliyezaliwa ndani ya gari. Amefaulu!

Kwa furaha akamkumbatia mtahini, akarudi nyumbani kwa miguu. Gari letu kaliacha hukohuko.