Benki Isiyo na Mlango

Baba Mwendwa,

Githeri iko kwa sufuria, pasha tu moto. Mkatie ng'ombe nyasi kabla mvua haijanyesha. ~~Chai iko kwa chupa.~~ Chai jipikie.

Asubuhi nimekutana na Peris, yule msichana wa ofisi ya kompyuta pale Karatina. Ananiambia akicheka, "Mama Mwendwa, hongera, akaunti yenu ya akiba imefunguliwa!" Akaunti gani? Ati benki iko ndani ya kompyuta, haina mlango wala karani, na mliichagua wewe na yeye. Ati ulishindwa na ile mausi ya kusogeza mshale, ikabidi akushike mkono. Pesa yetu ya kahawa! Na neno la siri yeye analijua. Mimi na wewe tunalala kitanda kimoja tangu harusi, na sijui hata herufi ya kwanza.

Sijakasirika. Nimevaa tu lile rinda langu ya Krismasi, nimeenda Ruring'u kwa Mugendi, yule kijana anayefundisha kompyuta. Nitachelewa. Nasikia hata yeye hushika wanafunzi mkono.

~~Wako~~
Mama Mwendwa